Sanduku la Watu

Mjumbe wetu wa nyumba kumi hakuwahi kushika pedi ya gemu hata siku moja, lakini nikiulizwa ni nani aliyecheza gemu lile pale Utemini nitasema ni yeye. Sisi wengine tulikuwa tunabonyeza tu.

Jina analo, ila mtaani hakuna aliyelitumia. Hata mkewe alimwita Mjumbe. Alikuwa mrefu, mwembamba, wa mwendo wa taratibu, na mfuko wa shati lake haukukosa karanga za kukaanga. Alizitafuna mojamoja, na ukimuuliza jambo gumu alitafuna kwanza mbili tatu ndipo akakujibu. Mwezi wa Ramadhani ulipoingia aliziacha nyumbani, ingawa yeye ni Mkristo, kwa kuwa nyumba nyingi katika zile kumi zake zilikuwa za Waislamu, ya kwetu ikiwemo. Siku ya Idi alikuja nazo mfuko umefura, akazitafuna mbele ya baba yangu kwa makusudi kabisa, na baba akamnyang'anya nusu.

Ujumbe aliufanya kwa koti. Lilikuwa koti la kijivu, limempwaya mabegani, na kifungo kimoja kilikuwa cha rangi nyingine. Akipita bila koti alikuwa jirani tu: unamtania, anakutania. Akipita nalo, watu waliacha kucheka wakaanza kuulizana ni nyumba gani yenye neno. Jua la Singida la mwezi wa kumi halikumvua koti lile, wala upepo wetu, ambao huvua watu kofia kila siku, haukuwahi kumpata amelifungua vifungo.

Mambo yaliyomkera hayakuwa mengi. La kwanza ni mgeni kulala mtaani bila yeye kujua. Binamu yangu alikuja kutoka Tanga, akalala kwetu, na asubuhi tukiwa kwenye chai Mjumbe akabisha hodi, koti mwilini.

"Nimekuja kumsalimia mgeni wangu," alisema.

"Mgeni wako, au wetu?" baba akamuuliza.

"Chai anakunywa kwenu. Usingizi amelala kwangu."

La pili ni mtu kuingia nyumba ya mtu bila hodi. La tatu, na hili ndilo lililomfanya asahau hata karanga, ni kugusa sanduku la mtu mwenyewe akiwa hayupo. Nakumbuka mchana mmoja moshi ulitoka kwenye jiko la jirani yetu aliyekuwa amekwenda Manyoni. Watu walitaka kuvunja mlango, lakini kila mtu alimngoja Mjumbe. Akaja, akapiga hodi kwa sauti kwenye nyumba aliyojua kabisa haina mtu, akasema, "Mjumbe yupo, fungua," na mlango ukavunjwa. Moto wenyewe ulikuwa gunia la mkaa lililokuwa limeanza kushika, ukazimwa kwa ndoo za maji. Sisi tukaenda zetu. Yeye akaagiza kigoda, akakaa pale mlangoni mpaka kesho yake jirani alipoteremka kwenye basi. Mkewe alimletea ugali na mlenda palepale. Nilipomuuliza kwa nini asiende kulala, aliniambia nyumba ikishafunguliwa na mwenyewe hayupo, lazima awepo mtu wa kumweleza kwa nini. Niliona ni ushamba kidogo. Nilikuwa kijana, na vijana tuliona vitu vingi hivyo.

Ilikuwa ile miaka ambayo biashara ilifunguliwa na vitu vikaanza kumiminika. Baba yangu, ambaye aliwahi kupanga foleni ya sabuni, sasa aliuza sabuni za aina zote, na kaka yangu mkubwa alikuwa anakwenda Dubai na kurudi na mizigo. Safari moja aliniletea televisheni na mashine ya gemu. Nikachukua chumba cha mbele cha nyumba yetu, nikaweka mabenchi, nikaandika ukutani kwa rangi ya mafuta neno GEMU, na nikawa mtu wa biashara.

CD za gemu za mpira wa miguu ziliharibika mapema kwa mikwaruzo. Iliyobaki nzima ilikuwa moja, gemu la Kijapani, na maandishi yake yalikuwa ya Kijapani mwanzo mpaka mwisho. Hakuna aliyejua kusoma hata alama moja. Lakini mwanzo wake ulikuwa na picha zinazotembea kama sinema, na hizo hazikuhitaji msomaji. Mwanamke mwenye nywele nyeupe anasimama juu ya mlima, anavuta mawingu kwa mikono yote miwili, anayakunja, anayatia ndani ya sanduku na kulifunga. Chini mlimani nchi inakauka. Ng'ombe wanalala chini. Kijana mwenye nywele nyekundu anachomoa upanga ukutani, anaondoka kijijini kwao. Mtu wa Singida unamwonyesha hadithi ya mvua iliyofungiwa sandukuni, halafu unamtarajia aondoke kwenye benchi? Watu walijaa mpaka dirishani.

Mchezaji wetu alikuwa Chiku, msusi wa baraza ya jirani. Alikuwa na vidole vyepesi na ulimi mwepesi zaidi, na wateja wake walizoea kungoja na nywele nusu kichwa mpaka amalize zimwi. Katika gemu hilo unazunguka nchi nzima na wenzako, mnapigana na mazimwi kwa zamu, mnapata nguvu, mnaingia vijijini mnaongea na watu. Kijana alipata wenzake watatu: binti mwenye upinde, paka anayezungumza, na jitu moja kubwa lenye shoka ambalo tulilipa jina la Mgambo.

Wazazi wakalalamika kwamba watoto hawaonekani nyumbani. Mjumbe akatumwa aje kulifunga banda langu la gemu. Alikuja na koti, akasimama mlangoni, na bahati yangu, au balaa langu, Chiku alikuwa amemwingiza kijana wa nywele nyekundu kwenye nyumba ya watu. Kijana akapita mbele ya bibi kizee aliyesimama jikoni kwake, akaenda moja kwa moja kwenye sanduku la chumbani, akalifungua, akachukua kilichokuwemo.

"Simamisha," Mjumbe alisema.

Chiku akasimamisha.

"Huyu kijana ni nani kwenye nyumba hiyo?"

"Shikamoo Mjumbe. Si mtu wa hapo, ni mpita njia."

"Marahaba. Na yule bibi ni nani yake?"

"Si ndugu yake."

"Amepiga hodi?"

"Mjumbe, hili ni gemu. Ndivyo linavyochezwa."

"Nani amekwambia?"

Ukweli ni kwamba hakuna aliyetuambia. Maelezo yalikuwa ya Kijapani, na sisi tulikuwa tunabahatisha. Mjumbe akatafuna karanga, akatazama skrini kwa muda mrefu, kisha akanigeukia mimi. Akasema hana ugomvi na mashine. Watoto waje baada ya shule na waondoke kabla ya magharibi. Ila humu ndani hatutafundishana wizi. Siku atakayosikia tumefungua sanduku la mtu, analifunga banda. Nilikubali haraka sana, kwa kuwa banda lilikuwa ndio maisha yangu yote.

Kuanzia hapo tukacheza gemu ambalo nina hakika Mjapani aliyelitunga hakuwahi kuliona. Kijana akifika mlango wa nyumba, Chiku anamsimamisha, banda zima linasema "Hodi," na waliokaa benchi la nyuma wanaitikia "Karibu." Akiingia kijijini, kwanza anakwenda kwa mjumbe wa kijiji hicho. Mjumbe wetu ndiye aliyemtambua mwenzake: mzee yeyote aliyesimama nje ya nyumba yake bila shughuli. "Huyo ndiye," alisema. "Mwenye kazi yake angekuwa ndani." Kijana anasimama mbele ya mzee, maneno ya Kijapani yanajitokeza, na Mjumbe anatutafsiria bila wasiwasi: anauliza wametoka wapi, watakaa siku ngapi, na yule paka ni wa nani.

Alikuwa amekuja kutufungia banda, akaishia kuwa na kiti chake. Alisema haji kwa ajili ya gemu, anakuja kukagua. Lakini kila alipoingia neno lake la kwanza lilikuwa, "Wamefika wapi?" Na mtu huyu wa hodi kila mahali hakuwahi kubisha hodi bandani kwangu. Nilipomkumbusha, alinijibu kwamba mahali pa biashara hapana hodi, panahitaji mteja tu. "Nawe ni mteja?" nikamuuliza, maana hakuwahi kulipa. Akanipa karanga.

Kulikuwa na siku Mgambo aliuawa. Sio kuzimia kama wanavyozimia kwenye mapigano ukawanywesha dawa wakaamka, ila kufa kwenyewe kwa hadithi, amewazuia mazimwi darajani ili wenzake wavuke. Muziki ukabadilika. Chiku alilia waziwazi, sega mkononi. Mjumbe alivaa koti lake alilokuwa amelitundika kwenye kiti, akatangaza kwamba kijana hawezi kwenda kupigana wakati msiba bado mbichi. Pedi ikawekwa juu ya televisheni, na akaanza yeye mwenyewe kumsema marehemu: alivyokuwa mlafi, alivyokuwa wa mwisho kupiga na wa kwanza kuchoka, shoka lile alivyolibeba kwa sifa tu. Tulicheka mpaka Chiku naye akacheka. Nimehudhuria misiba mingi ya kweli isiyoendeshwa vizuri hivyo.

Sasa, ubaya wa kucheza kwa heshima ni kwamba tulifika mtoni tukakwama. Mto ulikuwa na lango, lango lilikuwa na kufuli, na Chiku alizunguka nchi nzima kwa majuma akitafuta ufunguo. Alizungumza na kila mtu. Aliua mazimwi mpaka kijana akawa na nguvu za kupita kiasi. Palibaki mahali pamoja: nyumba tupu ya mvuvi pembezoni mwa kijiji cha mwisho, na ndani yake sanduku. Mwenye nyumba hayupo. Wateja wakaanza kupungua, maana nani anakaa kutazama mtu akizunguka? Nikaanza kupata hofu ya kweli. Nikamwendea Mjumbe nyumbani kwake, nikamwambia kama sanduku lile halifunguliwi, banda linakufa.

Alitafuna karanga nyingi siku ile.

"Mwenyewe mmemtafuta?" aliuliza.

"Nchi nzima, Mjumbe."

"Majirani wamesemaje?"

"Wanasema Kijapani."

Akainuka, akachukua koti. Alipofika bandani alisimama mbele ya televisheni, amenyooka, vifungo vyote vimefungwa, kama alivyosimama mbele ya ule mlango uliotoka moshi. Akapiga hodi mwenyewe. Benchi la nyuma safari hii halikuitikia. Kila mtu alielewa kwamba nyumba haina mtu. Ndipo akasema, "Mjumbe yupo, fungua."

Chiku akabonyeza. Ulikuwa ufunguo. Kelele zilizopigwa zilimtoa baba yangu dukani akidhani tumevamiwa.

Hapo sheria ikapatikana na ikadumu: sanduku linafunguliwa Mjumbe akiwepo na koti. Akiwa Sepuka kwenye shamba lake la alizeti, kijana wa nywele nyekundu alisimama mbele ya masanduku bila kuyagusa, na wageni kutoka mitaa mingine walituona wendawazimu. Ilikuwa furaha yangu kumwona akiingia. Nilimpenda mzee yule, na sikumbuki kama niliwahi kumwambia.

Wakati huo nje ya banda mambo yalikuwa yanabadilika. Vyama vilikuwa vingi, mtaa ulipata mwenyekiti na ofisi yenye bati jipya, na watu wenye shida ya barua au mhuri walipitiliza huko. Wageni walilala mtaani bila kuonyeshwa kwake. Walioanza kupanga vyumba Utemini hawakujua hata koti lile ni la nini. Mjumbe hakulalamika. Alianza tu kuja mapema zaidi, na akikuta banda limefungwa alikaa kwenye kizingiti akinisubiri. Mara moja aliniambia, bila huzuni, kama mtu anayesoma hali ya hewa, "Siku hizi mnaonihitaji ni ninyi na yule kijana wenu." Nikamwongezea sauti ya televisheni.

Baada ya mavuno ya mwaka mmoja akahamia Sepuka moja kwa moja. Na ni katika siku zilezile Chiku alipofika juu ya mlima. Mwanamke wa nywele nyeupe alishindwa, akatoweka, akaiacha nyumba yake wazi. Ndani ya nyumba lilikuwepo sanduku lile la mwanzo, la mawingu.

Tukamwita mwenyekiti wa mtaa. Alikuja na pikipiki, hakuizima, akachungulia. "Fungueni tu," alisema. "Hilo si sanduku, ni picha." Akaondoka.

Chiku akaweka pedi chini. "Huyu hajauliza hata mwenyewe yuko wapi," alisema, akarudi kwenye nywele za watu.

Tukakubaliana kumfuata Mjumbe Sepuka baada ya sikukuu. Kabla ya hapo umeme ulikatika mchana mmoja, ukarudi kwa nguvu, ukaondoka na mashine, na televisheni, na friji ya baba. Mimi nikarudi kwenye sabuni. Chiku aliolewa Issuna, ana saluni kubwa, na kila tukikutana mnadani huniuliza kama mvua ile imewahi kunyesha.

Miaka ikapita mingi. Mvi zimeniingia. Mwaka jana binti yangu alinionyesha kwamba gemu lile sasa linapatikana kwenye simu, tena kwa Kiingereza. Nikalicheza mimi mwenyewe, dukani, miwani puani, wateja wakinishangaa. Niligundua mengi. Yule mzee wa kijiji cha kwanza, ambaye kwa miaka tulimheshimu kama mjumbe, maneno yake yote ni kuuliza kama umewaona kuku wake. Nilifika juu ya mlima. Nikasimama mbele ya sanduku. Kidole kilikuwa juu ya kioo, dukani hapakuwa na mtu, na sikuweza. Kesho yake nikachaji simu ikajaa, nikapanda gari la Sepuka.

Nilimkuta uani kwake, amekaa kwenye kigoda, alizeti imeanikwa kwenye turubai kubwa mbele yake. Amepungua sana. Mtoto wa jicho amemfunika macho yote mawili, na mkewe alinitahadharisha getini kwamba sasa anaona mwanga tu.

"Shikamoo Mjumbe."

"Marahaba. Nani?"

"Mimi mwenye banda. Wa Utemini."

Mkono ukaenda mfukoni, ukatoka na karanga. Alitafuna mbili, labda tatu.

"Wamefika wapi?" akauliza.

Nikamweleza yote: mlima, mwanamke aliyetoweka, nyumba iliyo wazi, sanduku. Nikamweleza pia habari ya mzee wa kuku, nikidhani atasikitika.

"Kwani mjumbe amekatazwa kufuga?" alisema.

"Sanduku halijafunguliwa, Mjumbe. Mpaka leo. Nimekuja unishuhudie."

Aligeuza uso upande wa nyumba, akamwita mkewe, akamwambia, "Niletee koti." Mama akaleta. Lilikuwa lilelile, na lilimpwaya zaidi. Akalivaa, akalifunga vifungo kwa kupapasa, akaanza na kile cha rangi nyingine. Akasimama. Nikaiweka simu mbele yake ingawa hakuiona.

"Hodi," alisema.

"Karibu," akaitikia mkewe kutoka jikoni, kwa mazoea.

"Nyamaza, mama, nyumba haina mtu." Kisha akanyooka. "Mjumbe yupo. Fungua."

Nikabonyeza. Kifuniko kikainuka, mawingu yakatoka moja baada ya jingine, yakajaa kioo kizima, na mvua ikaanza. Nilikuwa nimeweka sauti mpaka mwisho. Mvua ya simu ilisikika uani kote, na mama alitoka jikoni mbio, akashika ncha ya turubai, akaanza kuifunika alizeti kwenye jua kali. Nilicheka mpaka machozi yakanitoka, na sidhani yote yalikuwa ya kucheka. Mjumbe alikuwa ameinamisha kichwa, anasikiliza.

"Ni nyingi," alisema.

"Ni nyingi, Mjumbe. Watu wametoka nje wote. Mashamba yanalowa."

"Vizuri. Sasa lifunge. Sanduku la watu hilo."

Nikajaribu, kwa kuwa ni yeye aliyesema. Nikabonyeza hapa na pale.

"Halifungiki," nikamwambia.

Akafikiri. Akapapasa nyuma yake mpaka akakipata kigoda, akakaa, koti mwilini, vifungo vyote vimefungwa, na akanionyesha kwa mkono nikae kando yake.

"Basi tuwasubiri wenyewe," alisema.

Tukakaa.